Kipimo cha Kampala na Mgonjwa wa Kikatiti

Mwaka 1975 jarida la Marekani liitwalo Cancer lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, hapo Mulago, Kampala, na Aaron Primack, Charles Vogel na wenzao, miongoni mwao bingwa wa upasuaji Sebastian Kyalwazi. Muradi wao ulikuwa kuwagawa wagonjwa wa saratani ya ini katika madaraja matatu, ili tabibu aweze kukadiria, kabla hajaanza tiba, ni nani aliyebakiwa na miezi na ni nani aliyebakiwa na majuma.

Mambo waliyoyategemea ni manne: maji kujaa tumboni, kukonda kupita kiasi, shinikizo katika mshipa uletao damu kwenye ini kutoka matumboni, na wingi wa bilirubini, ile rangi ya nyongo igeuzayo macho kuwa manjano. Aliyesalimika na yote aliwekwa daraja la kwanza. Aliyekuwa na lolote katika yale matatu ya mwanzo, bilirubini yake ikiwa haijapanda, aliwekwa la pili. Na yule ambaye bilirubini yake ilivuka miligramu 2 katika desilita ya damu alihesabiwa wa daraja la tatu. Aghalabu ya haya hutambulikana kwa macho, mikono na mizani ya wadi.

Miaka 10 baadaye Kunio Okuda wa Japani, akiwa na wagonjwa 850, alitoa kipimo kilichopata umaarufu zaidi, akitazama kama uvimbe umezidi nusu ya ini, kama kuna maji tumboni, kama albumini, protini ya damu, imeshuka chini ya gramu 3 katika desilita, na kama bilirubini imepita miligramu 3 katika desilita. Wale ambao hawakutibiwa waliishi, kwa wastani wa kati, miezi 8.3 katika daraja la kwanza, miezi 2 katika la pili, na miezi 0.7 tu katika la tatu. Baadaye Waitalia walileta chao mwaka 1998, na madaktari wa Barcelona chao mwaka 1999, ambacho fadhila yake ni kuliambatanisha kila daraja na tiba yake, tangu upasuaji hadi kumtuliza mgonjwa maumivu.

Basi, vipimo vikiwa vingi, hukumu hutolewaje? Njia itumikayo sana ni kuchukua wagonjwa wawili wawili, kuuliza ni yupi aliyetangulia kufa, kisha kutazama kama kipimo kilikuwa kimemweka daraja baya kuliko mwenziwe. Sehemu ya jozi zilizoafikiana na kweli ikiwa nusu, kipimo hicho hakipiti kurusha shilingi. Ikiwa moja kamili, hakina kosa.

Lakini hesabu hii hutegemea wagonjwa wenyewe kutawanyika madarajani, na hapo ndipo penye uzito kwetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya hospitali za nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa wagonjwa wa Misri waliishi miezi 10.9 kwa wastani wa kati, hali wale wa nchi nyingine waliishi miezi 2.5, na waligunduliwa wakiwa na umri wa miaka 46 hivi. Wagonjwa hawa wa nchi nyingine aghalabu hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na kipimo cha Barcelona huwarundika karibu wote katika madaraja mawili ya mwisho. Na chekeche liangushalo punje zote upande mmoja halijapembua kitu.

Kuna na ila nyingine, iliyofichika zaidi. Mgonjwa atokaye Kikatiti, mkoani Arusha, akiisha kuonwa Arusha mjini au katika hospitali ya KCMC huko Moshi na kuambiwa hali yake, huenda akarudishwa nyumbani na jamaa zake, akafia huko, na faili lake likabaki halina tarehe ya mwisho. Hesabu ya Kaplan na Meier, itumikayo tangu 1958, humchukulia aliyepotea kuwa hali yake ni sawa na ya waliobaki. Na kwa kuwa aliyepelekwa nyumbani mara nyingi ndiye aliyezidiwa, umri wa kuishi huonekana mrefu kuliko ulivyo, na kipimo husifiwa au kulaumiwa bila insafu.

Hukumu yangu ni kuwa kipimo cha Barcelona kishikwe palipo na tiba ya kuchagua, na njia ya Kampala isidharauliwe palipo na mizani, mkono wa tabibu na maabara ndogo tu. Hata hivyo hakuna kipimo kitakachothibitika kwetu pasipo kumbukumbu: hospitali na ziandike uzito, maji ya tumbo na bilirubini siku ya kwanza, zichukue nambari ya simu ya jamaa, na ziulize kila mwezi, nasi tulio jamaa, tukiisha kuzika, tusione uzito kuwaarifu madaktari tarehe ya msiba.