Tuseme, na Samehe Asiyesema

Nilisoma Hawala ya Fedha wiki ileile niliyomteremsha bibi yangu kutoka Kibosho hadi Moshi mjini kuchukua pesa alizotumiwa kwa simu na mjomba. Laini yake ilikuwa imefungwa, na ili ifunguliwe ilibidi aweke kidole kwenye mashine. Vidole vya bibi vimechuma kahawa na kukata majani ya ng'ombe tangu utotoni, alama zimefutika. Mashine ikamkataa mara tano. Kijana wa kibandani alikuwa na adabu: "Pole bibi, jaribu kingine." Bibi akataja jina lake, la baba yake na la ukoo, akaeleza na kihamba chetu kilipo. Yote yalikuwa kweli, na hayakusaidia kitu.

Tamthilia hiyo, iliyochapishwa mwaka 1980, Amandina Lihamba aliitoa kwenye hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal. Kwa Sembène, Ibrahima Dieng wa Dakar anatumiwa hawala na mpwa wake aliye Paris, lakini hana kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu, na kila kimoja kina dirisha lake na foleni yake. Mwishowe jamaa yake msomi anapewa idhini ya kumchukulia pesa, anazila.

Sembène aliigeuza hadithi yake kuwa filamu, Mandabi, mwaka 1968. Lihamba aliipeleka jukwaani. Tukumbuke mazingira yake: Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Mwongozaji wa kizazi chake alifanya kazi ambayo haikurekodiwa, na sisi tuliozaliwa baadaye tumebaki na maandishi. Uongozaji wenyewe, yaani nani alisimama wapi na alinyamaza kwa muda gani, uliondoka na watazamaji.

Hata hivyo, njia aliyopita inaonekana, na naiona ikirudia swali moja: nani anasikilizwa? Mwaka 1982 ilitoka Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Miaka hiyohiyo, yeye, Muhando na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijijini Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba mchezo uliokamilika. Walikaa na wanakijiji, wakachimba matatizo yao, na maonyesho yakatengenezwa kwa ngoma na sanaa za hapohapo, kisha yakafuatwa na mjadala. Mwaka 1996 yeye na Muhando wakaanzisha Tuseme, mpango uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kuigiza yanayowakwamisha shuleni. Baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika.

Hapa ndipo nina mashaka. Sanaa ya aina hii ina kishawishi cha kuhesabu kusema kama ushindi. Msichana ameigiza, mwalimu mkuu amepiga makofi, ripoti imeandikwa. Lakini bibi yangu alisema sana siku ile, tena kwa Kiswahili na Kichaga. Kilichokosekana pale kibandani hakikuwa sauti yake.

Nadhani Lihamba aliujua mtego huu. Ushahidi wangu ni kazi ambayo hakuiongoza wala kuiandika, bali aliigiza: Maangamizi, filamu ya mwaka 2001 ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar ya lugha ya kigeni. Yeye ni Samehe, mgonjwa ambaye hajasema kwa miaka mingi tangu aliposhuhudia utotoni kifo cha kutisha cha mama yake. Filamu ina kasoro. Daktari kutoka Marekani anabeba mzigo mkubwa mno wa kutufafanulia mambo, na mizimu nayo wakati mwingine inaeleza pale ambapo ingetosha kuonekana. Lakini Lihamba akikaa kimya, kasoro hizo zinasahaulika. Mabega yake yanasikiliza. Macho yanakataa huruma kabla haijatolewa. Mwanamke aliyetumia miaka kuwapa wengine nafasi ya kusema anatuonyesha kwamba asiyesema si mtupu, na kwamba anayemwuguza ndiye anayepaswa kujifunza kwanza.

Ningekuwa mwalimu ningefundisha Hawala ya Fedha na Maangamizi pamoja. Katika ile ya kwanza karatasi inamshinda mtu anayesema. Katika ya pili, mtu asiyesema anawashinda wote wanaotaka kuandika habari zake. Tuseme inasimama katikati ya hizo mbili. Ninaiheshimu zaidi nikiisoma hivyo, kama nusu ya kazi inayongoja nusu ya pili kutoka kwa wasikilizaji.

Mwisho wa kisa cha kibandani ni huu: mjomba alizirudisha pesa na kuzituma upya kwenye laini yangu. Nilizitoa, nikampa bibi zote. Alizihesabu mbele yangu, kisha akazihesabu tena. Nilikaribia kuchukia. Halafu nikamkumbuka jamaa msomi wa Dieng, nikanyamaza, nikasubiri amalize.