Magurudumu Chini

Karatasi ya maelekezo ina swali moja tu la maana, nalo linakuja karibu na mwisho: magurudumu juu au chini? Ukitaka ndege iwe angani, unaziba matundu ya chini ya mbawa, kisha unaikalisha juu ya kistendi cha plastiki. Ukitaka iwe imetua, unaibandika miguu yake miwili. Nilikaa na swali hilo siku tatu. Mamangu akaniuliza kwani kuna posa nasubiri jibu lake.

Ndege yenyewe niliitoa Kongowea, upande wa mitumba, kwenye robota la vitu vya watoto. Kati ya midoli isiyo na macho na magari yasiyo na tairi kulikuwa na kisanduku cha Airfix kilichofungwa kwa uzi wa gunia: Hawker Hurricane, kipimo cha 1/72. Mama muuzaji alikitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi. "Hii si ya kucheza, babangu," akaniambia. "Hii ni kazi." Soo mbili, na kweli ilikuwa kazi.

Nilinunua kwa sababu ya ninapoishi. Naishi Changamwe, upande wa Magongo, ambako ndege zikishuka zinapita juu ya kamba za nguo na mazungumzo yanasimama kidogo mpaka zitue. Uwanja huu tunaouita Moi ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini. Ulijulikana kama Port Reitz, na ukawa kituo cha ndege za jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, Waingereza waliona huko kumechacha wakaihamishia meli zao za Mashariki Kilindini. Mei mwaka huo zilipoivamia Madagaska, Hurricane za majini zilikuwa kwenye sitaha ya meli ya Indomitable. Kwa hiyo si kwamba nilileta kitu cha kigeni mtaani. Kimewahi kupita jirani.

Sasa, kazi yenyewe kama kazi. Picha ya kisanduku na vilivyomo ndani ni mambo mawili tofauti, na yanagombana. Picha ni moshi, mawingu na risasi. Aliyezipandisha hadhi picha za Airfix ni Roy Cross, aliyeanza kuwachorea mwaka 1964, na sina la kumkosoa kwenye mkono wake: anga lake lina baridi unayoihisi hata ukiwa Changamwe saa nane mchana. Baadaye baadhi ya picha zake zilifutwa milipuko na moto, watoto wasionyeshwe vurugu. Ndege ya vita ikabaki ikipiga mbizi kwa hasira isiyo na sababu. Nimecheka sana juu ya hilo, lakini pia ndilo linalonitatiza: waliona kifo kimezidi kwenye picha, hawakuona kwamba watu wamepungua.

Plastiki haina maringo hayo. Nyuma ya kiti cha rubani ubavu wa ndege una matuta membamba yaliyolala kuelekea mkiani, manake Hurricane halisi hapo haikuwa bati. Ilikuwa kitambaa kilichovutwa juu ya fito za mbao. Fito, kama nyumba za kwetu kabla hazijakandikwa. Pitisha kidole utaisikia. Kuna mtu alikaa akachonga kalibu ya chuma ili kijana asiyemjua, miaka mingi baadaye, aguse kitambaa kisichokuwepo. Mimi hiyo naiita sanaa, na naiweka juu ya ile picha. Zilitengenezwa Hurricane zaidi ya 14,000, na mwaka 1940 huko Uingereza ndizo zilizoangusha ndege nyingi za Wajerumani kuliko Spitfire, ila sifa zikaenda kwa Spitfire kwa sababu ni nzuri wa umbo. Hata ndege zina mambo hayo.

Kasoro zipo, tena si haba. Kalibu ilikuwa imechoka, kila kipande kina ukingo wa plastiki ya ziada mwembamba kama ganda la kitunguu, na unakaa na wembe mpaka vidole vinakufa ganzi. Nusu mbili za mwili hazikutani vizuri tumboni. Stika za kulowesha zilikuwa zimegeuka manjano. Niliposhusha moja majini, lile duara la nyekundu, nyeupe na bluu likakatika vipande vinne likaelea kama maganda. Rangi za Humbrol sikuzipata, kwa hiyo kijani ni ya duka la vifaa vya ujenzi na kahawia ni rangi ya kucha. Inang'aa kuliko inavyofaa. Ukiitazama usiku ni kama inaenda harusini.

Maelekezo ni ya mtindo wa zamani, ya maneno, kabla hawajabakiza namba na mishale. Kila kipande kina jina lake, na nimejifunza mengi hapo, lakini karatasi nzima haina mtu. Mtu pekee kisandukuni ni rubani, kipande kimoja, mikono imegandia mapajani, uso hana. Kiti kilimkataa mpaka nikampunguza makalio kwa wembe.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Kershaw. Tarehe 15 Machi 1941, karibu na Dire Dawa, Ethiopia, rubani wa Afrika Kusini John Frost alitunguliwa akaishia chini karibu na Waitaliano. Mwenzake Bob Kershaw aliteremsha Hurricane yake hapo hapo, wakajibana wawili kwenye kiti cha mmoja, wakaruka. Baada ya kumkata rubani wangu makalio naelewa maana ya jambo hilo kuliko kitabu chochote kingenieleza. Hiyo ni sifa ya kweli ya ujenzi huu: unakupa vita kwa kipimo cha mwili.

Lakini mwili wa nani? Frost na Kershaw walikuwa weupe, na jeshi lao la anga halikumruhusu mweusi kushika usukani. Mweusi aliyejiandikisha huko alipewa kazi za mikono, bila bunduki. Na vita vya huku Kilindini vina hesabu nyingine. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka hapa kwenda Colombo, ndani yake wakiwemo askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Kipimo cha 1/72 hakina pa kuwaweka.

Rafiki yangu mmoja wa Likoni, mchoraji, aliiangalia ndege mezani akasema nimelipa soo mbili kumjengea mkoloni bure. Nilicheka, kisha sikucheka. Hakukosea sana. Ila mimi sioni kosa la kisanduku hiki kuwa ni ukoloni tu. Kosa lake ni kuanzia angani. Airfix wenyewe hawakuanzia huko. Kampuni ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, na seti yake ya kwanza ya kuunganisha, mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa trekta la Ferguson. Spitfire ilifuata mwaka 1953. Walianza na kitu cha udongoni, halafu wakapaa na hawakutazama tena chini. Ndege haijatoka mawinguni. Kuna mtu alifyeka, akasawazisha, akabeba mafuta kwa mapipa, akashika bawa wakati wa upepo.

Kwa hiyo niliteremsha magurudumu. Mguu mmoja ulikauka ukiwa umepinda, ndege imeegemea kushoto kama mzee aliyeshikwa na nyonga. Kistendi nimempa mdogo wangu, amekifanya cha kuwekea simu. Chini ya ndege nimebandika kipande cha boksi, nikakipaka gundi na kumwagia mchanga wa uani, na kwa ile fremu iliyobaki najaribu kuchonga mtu mwenye jembe. Kwa kipimo chao anatakiwa awe na kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Kichwa kimetoka vizuri. Mikono bado inavunjika.