Huria, jini asiyetaka kuabudiwa

Wapenzi wa fantasia za Kizungu mnamjua Bibi wa Ziwa wa Bretonnia, katika dunia ya Warhammer: mungu wa kike wa ushujaa wa kiungwana. Wapanda farasi wanampigia magoti, wakitumaini siku moja kunywa katika kikombe chake kitakatifu. Sisi tunaye Huria, na sidhani kama tumemsoma vya kutosha.

Nimerudia Adili na Nduguze (1952) wiki hii nikiwa Ushongo, kusini ya Pangani. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, amemfanya Huria jini, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili anamwokoa bila kujua ni nani. Kiapo hakuna, ibada hakuna. Kuna deni tu. Hasidi na Mwivu wanapomtosa ndugu yao baharini, Huria anakuja kulilipa. Sasa huku pwani ukisimulia kwamba jini kamwokoa mtu, utaulizwa papo hapo: kataka nini? Huria hataki ubani wala damu. Anawageuza ndugu wale manyani, na Adili lazima awachape kila usiku.

Hapo ndipo kitabu kinaponinasa. Adili anachapa, kisha analia, anawakumbatia, anawalisha. Wapanda farasi wa Bretonnia hawaulizwi swali hili: ufanyeje ikiwa uungwana wako umemzidi yule aliyekuokoa? Neno muungwana lenyewe, katika Pangani ya biashara ya watumwa, lilikuwa na maana ya mtu huru, asiyemilikiwa. Na jina Huria, lisikilize vizuri, lina sauti ya uhuru. Halafu ndiye anayemshikisha muungwana mjeledi!

Kisa chenyewe asili yake ni Alfu Lela Ulela. Kule ndugu wanageuzwa mbwa, na wakishasamehewa wanajaribu tena kumuua mwenzao, wakaishia kunyongwa. Shaaban Robert kaukataa mwisho ule. Kwake mfalme Rai anawaombea, manyani wanakuwa watu tena, na wanabaki watu. Wapo watakaosema ni mwisho mtamu mno. Mimi naona Adili ameshaulipia.

Ninachomlaumu mwandishi ni Mwelekevu. Binti aliyebaki hai peke yake katika mji wa watu waliogeuka mawe, mnaweza kufikiria upweke ule? Lakini akishapanda merini anakuwa kitu cha kugombewa na ndugu. Jini kapewa hasira na rehema, binadamu kapewa uzuri na harusi.