Sauti za Kiandutu katika Ghala la Chuo Kikuu

Kiandutu ni mtaa wa mabanda ulio kando ya mji wa Thika. Jina lenyewe latokana na neno la Kikuyu lenye maana ya funza. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kimo mjini humo. Chuo cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa. Basi si ajabu kwamba mtaa huu umechunguzwa mara kwa mara: maji yake, vyoo vyake, afya ya watoto wake. Tasnifu zinazotokana na uchunguzi wa namna hiyo huingizwa katika maghala ya kidijitali ya vyuo, na msomaji aliye mbali aweza kuzipata. Linalostahili kuhakikiwa ni lile ambalo maghala hayo huliona kuwa ndilo la kuhifadhiwa.

Kazi ya mhifadhi wa nyaraka za kidijitali si kuweka vitu kabatini na kuvisahau. Hukokotoa nambari ya uthibitisho ya kila faili, ili alama moja ikibadilika ijulikane. Huweka nakala mahali pengi. Huhamisha faili kutoka muundo uliopitwa na wakati hadi ule unaosomeka. Anayedharau kazi hii na akumbuke mradi wa BBC wa mwaka 1986, ulioadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday cha 1086. Sahani za leza za mradi huo zilikuwa karibu hazisomeki baada ya miaka kumi na mitano tu, ilhali ngozi ya 1086 yasomeka hata leo.

Hata hivyo, mhifadhi hulinda alicholetewa. Aletewacho ni tasnifu, nayo aghalabu ni ya Kiingereza. Mahojiano yaliyoizaa yalifanywa kwa Kiswahili, Kikuyu au Kikamba, tena mara nyingi kwa mchanganyiko wa hizo zote ndani ya sentensi moja. Kanda au simu iliyoyanasa hubaki kwa mtafiti, na huko ndiko yanakofia.

Hasara yake haionekani mpaka mtu atazame neno mojamoja. Katika kamusi, mtungi ni chombo cha udongo cha kuwekea maji. Katika mitaa ya Thika na Nairobi, mtungi ni dumu la plastiki la lita 20, na kwa kipimo hicho maji huuzwa. Vivyo hivyo ploti: kwa Mtanzania ni kiwanja, lakini kwa mpangaji wa mitaa hiyo ni safu ya vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja na choo kimoja. Tasnifu ikishafasiri maneno haya, dumu huwa dumu tu, na ploti hurudi kuwa kipande cha ardhi, jambo ambalo msemaji hakulikusudia hata kidogo. Mtunga kamusi wa kesho hatakuwa na ushahidi wa kumsahihisha mfasiri.

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo kinachofundisha zaidi ya nadharia. Tungo za Muyaka zilihifadhiwa Mombasa na Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, zikamfikia mmisionari W. E. Taylor. Hichens alizichapa mwaka 1940. Laiti ni chapa hiyo tu iliyosalia, kila uamuzi wa mhariri ungekuwa sheria kwa wahakiki wote waliofuata. Lakini karatasi za Taylor zilitunzwa London, na M. H. Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, aliweza kumtazama Muyaka nje ya kivuli cha Hichens. Tasnifu juu ya Kiandutu ni mfano wa chapa ya Hichens. Karatasi za Taylor ndizo zinazotupwa.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba sheria yakataza. Dai hili ni nusu ya ukweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yaweka mpaka wa muda wa kukaa na habari za mtu, lakini kifungu cha 39 chatenga shughuli za historia, takwimu na utafiti. Njia ya kuficha utambulisho wa msemaji nayo imetajwa humo. Lililo gumu kweli ni ridhaa: mama aliyekubali kuulizwa juu ya maji hakukubali kwa hilo kwamba sauti yake isikilizwe na wanaisimu miaka hamsini baadaye. Ombi hilo hapana budi litolewe siku ya mahojiano, kwa lugha anayoielewa; likiachwa hadi faili ifike maktabani, limechelewa.

Kuna na jambo dogo lisilohitaji sheria wala fedha. Mfumo wa maelezo wa Dublin Core, unaotumiwa na maghala mengi ya vyuo, una vipengele 15, na kimojawapo ni lugha. Kipengele hicho chaweza kurudiwa. Tasnifu ya Kiingereza yenye hojaji ya Kiswahili katika kiambatisho chake yastahili lugha mbili. Ikiandikiwa moja, anayetafuta matini ya Kiswahili hataiona. Mhifadhi pekee hawezi kulaumiwa kwa hili, kwani yeye hujaza alichoandika mwanafunzi katika fomu, na fomu hiyo hutiwa sahihi na msimamizi wa tasnifu, ambaye mara nyingine ni mwalimu wa idara ya lugha.