NANI ANASEMA? MWANDISHI, MSIMULIZI NA MHUSIKA KATIKA RIWAYA

Istilahi za fasihi hazikuwekwa ili zikaririwe kwa ajili ya mtihani. Kila moja ni swali ambalo msomaji hana budi kukiuliza kitabu. Tatizo ni kwamba baadhi yake zimetolewa katika lugha ya kila siku, nazo zimekuja na mizigo yake. Mtaani, dhamira ni nia iliyo moyoni mwa mtu. Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa dhamira ya riwaya huanza kubahatisha nia ya mwandishi, badala ya kutazama jambo linalojengwa na kitabu chenyewe. Msuko, kwa upande wake, ni istilahi iliyobahatika. Aliyewahi kusuka ukili anajua kwamba ukichomoa mwaa mmoja kazi yote hulegea.

Lakini kosa lenye madhara zaidi ni kuwachanganya watu watatu: mwandishi, msimulizi na mhusika. Tuchukue Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajisimulia mwenyewe. Hatuoni ila alichokiona yeye. Haoni maana ya maisha, na mwishowe anajiua. Wapo wasomaji wanaohitimisha papo hapo kwamba mwandishi anahubiri kukata tamaa. Huo ni uhakiki wa pupa. Kazimoto ni shahidi, si hakimu. Msomaji anayeuliza "nani anasema?" atauliza pia kama kweli maisha hayana maana, au kama ni elimu ya aina fulani iliyomng'oa kijana huyu katika jamii yake na kumwacha bila pa kusimama.

Hata hivyo, tusimpe mwandishi msamaha wa bure. Maneno ni ya Kazimoto, lakini aliyeamua kwamba Kazimoto ndiye apewe kinywa ni mwandishi. Uamuzi huo una uzito wa kiitikadi, nao ndio unaopaswa kuhojiwa. Linganisha na Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi. Pale msimulizi yuko nje ya hadithi, akimfuata Rashidi hadi kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Kwa kuwa hakufungiwa kichwani mwa mtu mmoja, anaweza kutuonyesha watu wengi wakifikia uamuzi mmoja.

Hapa ndipo mfano wa kikombe na chai, uliozoeleka mno madarasani, unapotuangusha. Fani ni kikombe, tunaambiwa, na maudhui ni chai. Sawa, lakini chai ukiihamishia katika bakuli hubaki chai ile ile. Mhamishie Kazimoto katika usimulizi wa Kuli uone! Atakuwa kijana mwenye huzuni anayetazamwa na wenzake, labda wa kuhurumiwa, labda wa kuchekwa. Kitabu kingekuwa kingine, maudhui na yote.

Mandhari nayo hudhaniwa kuwa ni pambo. Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika (1951) angani, ambako Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na nchi ya angani ilimpa mwandishi nafasi ya kuzungumzia watawala wasiopenda kuhojiwa bila kumtaja mtawala yeyote. Wahusika wake hutangazwa na majina yao, wala hawabadiliki. Wahakiki huwaita wahusika bapa. Katika hadithi ya mafumbo hiyo si lawama, maana ndiyo kazi waliyopewa.

Inakuwa lawama pale riwaya inapodai kuonyesha kijiji halisi, kisha ikatuletea mkulima asiye na doa na bepari mwenye kitambi. Tuliletewa wengi wa namna hiyo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na itikadi sahihi haikuwaokoa. Afadhali Kijakazi wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ya Shafi huyo huyo. Ni mtumishi, mnyonge kabisa, na bado moyo wake uko kwa bwana anayemnyanyasa. Mgogoro mzito wa kitabu kile umo ndani ya mwanamke huyo anayetii, lakini msomaji mwenye haraka humpita, akaenda kusaka maneno ya kimapinduzi vinywani mwa wengine.