Mbiu ya Picha na Lugha Yake

Wahakiki wetu wakiandika juu ya sinema za Kiswahili, huandika juu ya hadithi, waigizaji na maadili. Juu ya namna sinema hizo zinavyotangazwa hawasemi mengi, na wakisema huishia kwenye lawama moja, kwamba watengenezaji wamelewa Kiingereza. Mimi mwenyewe nimepata kuitoa lawama hiyo mbele ya wanafunzi wangu, nikaiona inatosha. Siku hizi siioni hivyo. Lawama hiyo haina uongo, lakini inapita juu ya jambo bila kulitazama, na jambo lenyewe lahusu lugha kuliko linavyohusu sinema.

Natuchukue jalada la picha ya Dar es Salaam ya miaka ya 2000, wakati ambapo filamu ziliuzwa kwa kanda za video, kisha kwa diski. Jalada hilo, au kava kama wauzaji walivyoliita, ndilo lililokuwa bango, ndilo lililokuwa mpiga mbiu, kwa kuwa picha hizo nyingi hazikupita katika majumba ya sinema. Lina mambo matatu: jina, nyuso, na maneno ya kumwambia mnunuzi afanye nini. Nyuso nawaachia wataalamu wa picha. Hata hivyo hapana shaka kwamba katika miaka ile uso wa Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, uliuza kuliko jina lo lote lililoandikwa chini yake.

Majina ndiyo yanayostahili kukaliwa kitako. Anayesema kwamba yote yalikuwa ya Kiingereza hakuyatazama vizuri. Girlfriend (2003) ni jina la Kiingereza, na Dangerous Desire, na Red Valentine vilevile. Lakini Nsyuka si Kiingereza, wala Shumileta, wala Popobawa. Kundi la kwanza ni picha za mapenzi, la pili ni picha za kutisha. Sidai kwamba hiyo ni sheria, maana Devil Kingdom (2011) yatosha kuivunja, na picha za mapenzi zenye majina ya Kiswahili zilikuwapo. Lakini mwelekeo upo, nao ni wa ajabu: hofu imeitwa kwa lugha ya nyumbani, mapenzi yameitwa kwa lugha ya kuazima.

Sababu ya upande wa hofu si ngumu. Mzimu una mahali pake. Popobawa ana historia Pemba na Unguja. Watu wamepata kulala nje kwa ajili yake. Ukimfasiri kwa Kiingereza anageuka mnyama wa vitabu vya watoto, na hakuna atakayelipa fedha yake ili aogopeshwe naye. Mtengenezaji alilijua hilo bila kufundishwa na mtu wa chuo.

Upande wa mapenzi wataka subira zaidi. Mapenzi yanayotangazwa kwenye majalada yale hayakuwa mapenzi aliyokuwa nayo mnunuzi, bali yale aliyoyatamani: ya sebule yenye makochi makubwa, gari mlangoni, na simu ya mkononi inayolia wakati usiofaa. Jina la Kiingereza lilikuwa sehemu ya samani za sebule ile. Nilipata kumwuliza mwanafunzi mmoja maana ya jina la picha aliyoniambia ameitazama mara nne. Alicheka, akasema, “Mwalimu, hilo si la kusomwa, ni la kuonekana.” Nilimsahihisha papo hapo. Sasa naamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha mimi.

Hata hivyo ufafanuzi haufuti hasara. Lugha yenye huba, mahaba, nyonda, ashiki na shauku, kila neno na uzito wake na mahali pake katika ushairi, ilikwenda sokoni kuazima neno ‘Valentine’. Hasara hiyo si ya msamiati, kwa kuwa maneno yetu hayakufa. Ni hasara ya ahadi. Tangazo ni ahadi, na lugha isiyoaminiwa kutoa ahadi imewekwa mahali pa mtumishi: ifanye kazi ndani ya nyumba, lakini wageni wapokewe na mwingine.

Tazama sasa maneno yale ya tatu, ya kumwambia mnunuzi afanye nini. Hapo Kiingereza chanyamaza ghafla. “Usikose.” “Ipo sokoni sasa.” “Jipatie nakala yako halisi.” (Nakala halisi! Wizi wa kazi za wasanii umetupa kitu ambacho mantiki ingetunyima.) Kwa nini hapa ni Kiswahili? Kwa sababu jina laweza kuonekana bila kueleweka, lakini amri haiwezi. Pale ambapo mkono wa mnunuzi wahitajika uingie mfukoni, mtengenezaji hathubutu kutumia lugha ambayo pengine mnunuzi haijui barabara. Jalada moja, basi, limezigawia lugha mbili kazi mbili: Kiingereza kimepewa heshima, Kiswahili kimepewa kazi. Wanaofundisha isimujamii kwa mifano ya nchi za mbali wangeweza kuufunga mtalaa wao na kununua diski tano.

Jambo la pili linalodhihirisha hali hii ni picha zilizotengenezwa kwa ajili ya matamasha. Arusi ya Mariamu (1985) ilikwenda nje na jina lake la Kiswahili, na Maangamizi (2001) vivyo hivyo, jina la Kiingereza likifuata nyuma kama mkalimani. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, ililishika jina la riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ingawa nayo ina jina la pili kwa ajili ya wageni. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilizoea kuona majina ya namna hii katika ratiba za maonyesho ya sinema za Kiafrika, na nikajivuna. Sikujiuliza jambo lililo wazi: picha inayomtafuta mgeni huvaa jina la Kiswahili, na picha inayomtafuta mwenyeji huvaa jina la Kiingereza. Kila mmoja huitwa kwa lugha ya mwenziwe. Anayesifu kundi la kwanza kwa uzalendo na kulilaani la pili kwa utumwa hajaona kwamba yote mawili yamefanya biashara moja, yaani kuuza umbali.

Je, watazamaji wenyewe waliridhika na mgawo huo? Hapa ndipo ninapoona ushahidi ulio bora kuliko wote, nao haumo katika majalada bali vinywani mwa watu. Katika mabango ya sinema za Kiingereza jina la mwigizaji mkuu lilitanguliwa na neno ‘starring’. Kwa Mwingereza hilo ni umbo la kitenzi, halimtaji mtu. Mtazamaji wetu alilichukua akalifanya mtu: steringi. Akalipa upatanisho wa viumbe, steringi amefika, steringi amejeruhiwa, na wengi wao huitwa masteringi. Zaidi ya hayo akalipa maana ambayo halikuwa nayo bangoni. Steringi ni yule asiyekufa. Watoto wa mtaani waijua kanuni hiyo kabla ya kujua kusoma, na mtu akitazama picha ambayo mkuu wake anakufa kabla ya mwisho, ataona kwamba ametapeliwa. Neno la tangazo limegeuzwa kuwa nadharia ya utanzu.

Mfano wa pili ni neno picha lenyewe. Picha ya ukutani ni picha ya, wala haijawa vinginevyo. Lakini wapenzi wa sinema husema picha la Kihindi, picha la kutisha, na picha linaanza. Jina limehamishwa ngeli, likapewa upatanisho wa ukubwa, na kwa njia hiyo vitu viwili vimetenganishwa bila kuazima neno jipya. Wasahihishaji wa magazeti huliona hilo kuwa kosa. Mimi naliona kuwa kazi ya sarufi iliyofanywa kwa ustadi na watu waliokaa kwenye mabenchi, gizani, bila kamati.

Mabenchi hayo yalikuwa, na kwingine yangaliko, katika mabanda ya video ambayo watu wa Tanzania wameyaita vibanda umiza. Mlangoni huwekwa ubao, na juu yake orodha ya siku kwa chaki. Ndani ya mabanda hayo ilizaliwa sanaa ya wafasiri, na huko Dar es Salaam aliyevuma zaidi ni Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu. Yeye na wenziwe walichukua picha za ugenini wakazisemea kwa Kiswahili, wakifasiri, wakifafanua na kutania, hata watu wakaja kumsikiliza mfasiri kuliko kumtazama mwigizaji. Huko Kenya DJ Afro amefanya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili cha mitaani. Kwa shabaha ya makala haya natia mkazo jambo moja tu. Picha hizo zilikuwa na majina ya Kiingereza, nyuso za kigeni na fedha nyingi za matangazo nyuma yake. Lakini kilichomvuta mtu wa Manzese alipe kiingilio ni sauti ya Kiswahili. Mtengenezaji wa Dar es Salaam, ambaye picha yake ilikuwa na sauti hiyo tangu mwanzo, aliificha nyuma ya jina la kuazima.

Diski zimekwisha heshima sokoni, na mbiu imehamia katika televisheni na simu. Na huko nimeona jambo ambalo sikulitazamia. Katika tamthilia za Kitanzania zilizopendwa mno miaka ya karibuni, moja inaitwa Jua Kali na nyingine Huba. Hilo la pili ndilo linalonishughulisha. Huba si neno la barazani siku hizi. Ni neno la washairi. Mtu aliyelichagua angeweza kuchagua neno jepesi, au la Kiingereza, naye akachukua neno ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakilitafuta katika kamusi. Watazamaji hawakulikimbia. Bado ni mapema kusema kwamba mapenzi yamerudishiwa lugha yake, na stesheni iliyoirusha tamthilia hiyo yenyewe ina neno la Kiingereza katikati ya jina lake. Lakini dai la kwamba Kiswahili hakiwezi kuahidi mapenzi sokoni halina tena pa kusimama.

Uchunguzi wa mambo haya wahitaji vielelezo, navyo vinapotea. Maktaba zetu huhifadhi vitabu na magazeti. Majalada ya filamu huyaona kuwa takataka. Mwaka jana nilinunua katoni moja ya diski kuukuu kwa mchuuzi wa Kariakoo aliyekuwa akitaka kuitupa. Nyingi zilikaa juani miaka mingi. Nyuso zimefifia, na yale maneno madogo ya Kiswahili yaliyokuwa pembeni, usikose, jipatie, ipo sokoni, sasa hayasomeki ila kwa kioo cha kukuzia. Majina yaliyo katikati yanasomeka vizuri.