Mwambie Muuzaji Akuonyeshe Kosa

Muuzaji wa programu ya hesabu akija dukani huanza na grafu. Anafungua kompyuta mpakato, anakuonyesha mauzo yanavyopanda kwa rangi ya kijani, faida ya wiki, bidhaa zinazotoka sana. Mwache amalize. Kisha mwambie: "Tarehe 3 mwezi uliopita kijana wangu aliandika mifuko 50 ya saruji badala ya 5. Mwezi umeshafungwa, ritani ya VAT imeshakwenda TRA. Tunarekebishaje?" Dakika zinazofuata zitakueleza mengi kuliko grafu zote.

Programu dhaifu itafungua risiti ya zamani, itafuta 50 na kuandika 5. Kazi imeisha, na wengi hufurahia wepesi huo. Mimi hapo hapo huifunga. Kwanza, vitabu vya mwezi uliopita sasa havilingani na ritani uliyopeleka, na hakuna popote panapoeleza sababu. Pili, mkono unaoweza kufuta kosa bila alama unaweza kufuta mauzo bila alama, na mwenye duka anayeshinda Kariakoo akitafuta mzigo hatajua.

Programu iliyotengenezwa na watu wanaojua uhasibu huliacha andiko la kwanza kama lilivyo. Inatoa hati ya krediti ya mifuko 45 kwa tarehe ya leo, inaiunganisha na ankara ya awali, inarudisha mifuko hiyo kwenye hesabu ya stoo, na inaweka jina la aliyefanya hayo pamoja na saa. Sheria ya Tanzania inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano. Mkaguzi akija mwaka wa nne, ataona kosa na marekebisho yake yakiwa yameongozana, na mazungumzo yatakuwa mafupi.

Alama hizo zina uzito mkubwa. Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya mawakala 900 wa posta, wengi wao wenye maduka madogo, walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu katika kesi zilizojengwa juu ya takwimu za Horizon, mfumo wa hesabu uliotengenezwa na Fujitsu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuzua upungufu katika hesabu za tawi, na kwamba watumishi wa Fujitsu waliweza kubadilisha hesabu hizo kutoka mbali bila mwenye tawi kujua. Watu walifungwa, walifilisika, walivunjiwa heshima mbele ya majirani zao. Kwa hiyo uliza pia kama fundi wa kampuni anaweza kuingia kwenye vitabu vyako, na akiingia, jina lake litaandikwa wapi. India imeifanya hoja hii kuwa sheria: tangu Aprili 1, 2023, kampuni zinatakiwa kutumia programu inayohifadhi historia ya kila badiliko, historia isiyoweza kuzimwa. Programu ya Tally, ambayo imezoeleka sana kwenye maduka yetu, inatoka huko, na ina toleo la namna hiyo. Ulizia hilo.

Sasa njoo kwenye pesa ya simu, maana ndiko duka la leo linakovujia. Mteja amelipa shilingi 200,000 kwa Lipa Namba. Ukihamishia benki, makato yameshapita, kimebaki kiasi pungufu. Programu nzuri huandika mauzo 200,000 kamili na kuyapeleka makato kwenye gharama. Mbaya huandika kilichofika benki kana kwamba ndiyo mauzo, na kuanzia siku hiyo risiti za mashine ya EFD na vitabu vyako haviongei lugha moja. Mpe muuzaji taarifa halisi ya benki na ya simu ya wiki moja, uone anavyoziingiza na kuzioanisha na mauzo. Angalia hasa anavyoishughulikia mistari isiyooana. Zipo programu zenye kitufe cha kusawazisha tofauti, ukibonyeza tu hesabu inakaa sawa. Kitufe hicho kinazika upungufu. Mstari usiooana ubaki ukionekana hadi mtu aueleze.

Stoo nayo ina mitihani yake. Nondo hununuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande. Misumari huja kwa katoni, hutoka kwa kilo, wakati mwingine kwa robo. Programu isiyojua vipimo viwili kwa bidhaa moja itakulazimisha kupiga hesabu pembeni kwa kalamu, na hapo faida ya kuwa nayo imekwisha. Jaribu na bei pia. Nunua, kwa mfano, mifuko 100 ya saruji kwa shilingi 15,000 na mingine 100 kwa 16,500, kisha uza 120. Kwa utaratibu wa mzigo wa kwanza kutoka kwanza, gharama ya mauzo ni 1,830,000. Kwa bei ya wastani ni 1,890,000. Zote mbili ni sahihi, mradi programu ishike njia moja mwaka mzima. Ikikupa jibu la tatu, iache.

Kodi unaweza kuipima kwa ankara moja. Ingiza bidhaa ya shilingi 118,000, VAT ikiwa ndani, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha Tanzania Bara. Kodi ni 18,000. Ikisema 21,240, imepiga asilimia juu ya bei ambayo tayari ina kodi.

Kama una genge, au kibanda kinachouza taslimu tu, daftari la simu la kuandika kilichoingia na kilichotoka linakutosha, usishawishiwe zaidi. Ila ukichukua mali kauli kwa wauzaji wa jumla na kuwakopesha mafundi, unahitaji uandishi wa pande mbili, ule ambao mwanahisabati Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 akieleza desturi ambayo wafanyabiashara walikuwa nayo tayari. Omba urari na orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa deni: siku 30, 60, 90. Programu isiyoweza kutoa hayo mawili ni daftari lenye sura nzuri. Programu ya GnuCash ni ya bure na ina pande mbili kamili, kwa hiyo bei kubwa peke yake haikuhakikishii chochote.

Kabla ya kulipa, toa data zako zote: bidhaa, wateja, kila muamala, kwenye faili linalofunguka kwa Excel. Mwaka 2023 kampuni ya Intuit iliondoa programu yake ya hesabu, QuickBooks, kwenye soko la India, na watumiaji wa huko wakalazimika kuhamisha vitabu vyao. Jina kubwa halizuii jambo hilo. Muuzaji akikuambia data zitatolewa kwa ombi maalumu la maandishi, umeshapata jibu.

Ukichagua, anza tarehe 1, baada ya kuhesabu stoo kwa mkono na kukubaliana salio na kila mdaiwa. Endelea na daftari la zamani sambamba kwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, linganisha fedha taslimu, benki, simu, stoo na madeni, kimoja kimoja, na usilipie mwaka mzima kabla hujajua kila tofauti imetoka wapi.